Kabla Hujamwita Fundi: Kibali cha Kukarabati Nyumba Huanzia Kwenye Karatasi ya Umiliki

Tulipotaka kutoboa ukuta wa mbele wa nyumba ya baba ili tupate fremu mbili za duka, mtu wa kwanza kuitwa alikuwa fundi. Akaja na futi yake, akapima, akapiga hesabu juu ya kipande cha boksi la misumari: tofali kiasi hiki, saruji mifuko kadhaa, nondo, milango miwili ya chuma. Wote tukauliza bei. Hakuna aliyeuliza hati ina jina la nani. Ilikuwa na jina la baba, na baba tulikuwa tumeshamzika miaka minne nyuma. Dirishani pale halmashauri, dada aliyepokea fomu yetu alisoma mistari ya juu tu, akainua macho: "Mwombaji mwenyewe yuko wapi?" Tukatazamana, tukakunja karatasi zetu, tukapanda daladala kurudi nyumbani.

Tangu hapo, ndugu au jirani akiniuliza habari za kibali, namwambia kwanza alete karatasi. Halmashauri haimwangalii mwenye fedha wala anayelala ndani ya nyumba. Inamtafuta mwenye haki juu ya kile kiwanja, na aina ya haki hiyo ndiyo inayoamua ubishe mlango upi, nani asaini pamoja nawe, na wakati mwingine kama upo mlango wa kubisha. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, hasa mijini. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mambo yake, nitayagusa mwishoni.

Hatua ya kwanza: ipe kazi yako jina lake

Kwa wengi wetu kila kitu ni ukarabati. Kupaka rangi ni ukarabati, kuongeza ghorofa nayo ni ukarabati. Ofisini hawaoni hivyo. Kupaka rangi, kubadilisha marumaru, kuweka jipsam, kung'oa madirisha ya mbao na kuweka ya alumini katika nafasi ileile, kubadilisha bati chakavu bila kugusa umbo la paa: haya ni matengenezo ya kawaida, na mara nyingi hutadaiwa mchoro wowote. Hata hivyo waulize watu wa ujenzi katika halmashauri yako, maana zipo zinazotoa kibali kidogo cha ukarabati hata kwa kazi ya namna hiyo.

Mambo hubadilika kazi inapogusa kinachobeba nyumba, yaani msingi, nguzo, ukuta uliobeba paa au slabu, au kenchi. Hubadilika pia ukiongeza ukubwa au kimo, ukijenga uzio, ukihamisha choo na shimo lake, ukibomoa, au ukibadili matumizi. Hili la mwisho ndilo linalowaponza watu wengi zaidi mjini. Fremu za duka zinaonekana kazi ndogo, kwa kuwa ni kutoboa ukuta na kuweka milango tu. Kumbe umefanya mambo mawili kwa mpigo: umekata ukuta wa mbele, ambao pengine ndio uliobeba paa, na umeigeuza nyumba ya makazi kuwa ya makazi na biashara. La kwanza linamhusu mhandisi, la pili linamhusu afisa mipangomiji, na kibali cha mmoja hakifuti hitaji la mwingine.

Na mtu asikuambie kwamba kazi ya ndani haina hatari. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Watu wa eneo lile waliwaambia waandishi wa habari kwamba kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini ya jengo ilikuwa imeanza siku moja kabla. Jengo lilikuwa limesimama, lina wapangaji, lina bidhaa. Kazi inayotajwa ni ya kupanua, haikuwa ya kujenga upya.

Hatua ya pili: isome karatasi uliyo nayo

Fungua sanduku, toa karatasi, isome yote pamoja na masharti ya nyuma. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuitumia kwa masharti. Neno hilo "masharti" si la kisheria tu, litakufuata hadi kwenye meza ya kibali.

Ukiwa na hati miliki, uko mahali pazuri kuliko wenzako. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na ndani yake mna namba ya kiwanja, kitalu, ramani ya upimaji na matumizi yaliyoruhusiwa. Angalia vitu vitatu. Jina: je, ni lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa? Muda: imebaki miaka mingapi? Nimewahi kuona mtu anajiandaa kupandisha ghorofa juu ya hati iliyobakiza miaka michache, na hajawahi hata kuuliza habari ya kuihuisha. Matumizi: yakiwa ni "makazi" nawe unataka fremu, kliniki au shule ya awali, omba kwanza kubadili matumizi. Hilo lina mchakato wake na matangazo yake, na majirani wana nafasi ya kupinga. Ukibahatika kupata kibali cha ujenzi huku matumizi hayajabadilishwa, umejenga kitu usichoruhusiwa kukitumia. Mwisho, hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Deni la miaka sita lililosahaulika hujitokeza siku ileile unayotaka huduma, likiwa na adhabu zake.

Wapo wenye barua ya toleo tu, yaani ile ya ofisi ya ardhi ya kukupa kiwanja kwa masharti, ambao hawakwenda kumalizia hati. Barua hiyo ni hatua ya njiani. Usianze habari ya kibali kabla ya kupita ofisi ya ardhi kuuliza hali ya kiwanja chako, kwa sababu masharti ya barua yasiyotimizwa, hasa malipo, yanaweza kuwa yamekuondolea ulichodhani ni chako.

Leseni ya makazi ni kitu kingine, ingawa watu huiita "hati ndogo". Iliwekwa na sheria ileile ya 1999 ili kuwatambua wanaoishi kwenye maeneo ya mijini yasiyopimwa, na Dar es Salaam ilianza kuzigawa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Mwanzoni ilikuwa ya miaka miwili, baadaye ikaongezwa hadi mitano. Inasema unatambulika kuwa mkazi wa pale na kwamba huishi eneo la hatari au lililotengwa kwa huduma za umma. Haisemi mpaka wako uko wapi kwa vipimo vya mpimaji. Kwa hiyo inakusaidia kuthibitisha kwamba nyumba ni yako, lakini afisa anayetaka kujua umeacha nafasi kiasi gani kati ya ukuta na mpaka hataliona jibu humo. Ukiwa na leseni, kazi ndogo ifanye kwa utaratibu wa mtaa na halmashauri. Kwa kazi kubwa, kama kubomoa chumba cha udongo na kusimamisha ghorofa, ningekushauri uweke fedha hizo kwanza kwenye urasimishaji, yaani kupangwa rasmi kwa mtaa uliojengwa bila mpango, na upimaji. Kupandisha ghorofa juu ya karatasi inayokwisha baada ya miaka mitano ni kujenga mchangani.

Halafu kuna wengi wetu wenye karatasi ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili, na mhuri wa duara uliofifia. Nisikilize hapa vizuri. Karatasi ile inaweza kuwa ushahidi wa kwamba ulinunua. Mwenyekiti anaweza kukuandikia barua ya utambulisho, na barua hiyo utaihitaji. Lakini mwenyekiti, mtendaji au mjumbe hana mamlaka ya kukupa kibali cha ujenzi, hata akikuandikia kwa wino mwekundu. Yule anayekuambia "nipe ya soda, mimi nitakulinda" hatakuwepo siku watu wa halmashauri watakapokuja na notisi. Mara nyingi eneo kama hilo halina ramani ya mipangomiji iliyoidhinishwa, kwa hiyo kibali rasmi ni kigumu kukipata. Njia ya kweli ni kujiunga na urasimishaji wa mtaa wenu, ardhi ipangwe, ipimwe, kisha uombe hati. Ni polepole, na mara nyingine utaachia mita moja ya uwanja ili njia ipite. Iachie. Gari la kuvuta maji taka na la zimamoto litapita hapohapo.

Kijijini, hati ya hakimiliki ya kimila iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mlango wako ni halmashauri ya kijiji. Kinachotazamwa zaidi ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji: hapa ni makazi, pale malisho, kule chanzo cha maji. Kama kijiji chako kimemezwa na mji, na siku hizi vingi vimemezwa, uliza wilayani eneo lenu sasa liko chini ya nani kabla hujamwaga zege.

Tukija kwenye nyumba za ghorofa, aliyenunua fleti anapaswa kujua kwamba Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008 ilileta hati ya sehemu. Chumba, jiko na sebule ndani ya mipaka ya sehemu yako ni vyako. Paa, ngazi, korido, kuta za nje, nguzo, mabomba makuu na uwanja ni mali ya wote, na umoja wa wamiliki ndio unaozisimamia. Sasa pima kazi yako. Kubadilisha makabati ya jiko ni juu yako. Kuziba kibaraza kwa vioo ili kupata chumba kumegusa sura ya nje, ambayo si yako peke yako. Kuhamisha bafu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunamgusa jirani wa chini, ambaye dari lake ndilo litakalovuja. Kabla ya kwenda halmashauri pata ridhaa ya umoja kwa maandishi, yenye tarehe ya kikao. Ridhaa ya mwenyekiti wa umoja mliyekutana naye kwenye lifti haihesabiki.

Kuna fleti nyingi zilizouzwa bila hati ya sehemu, ambapo jengo zima lina hati moja yenye jina la kampuni au la aliyejenga. Hapo mbele ya manispaa wewe si mwombaji. Mwombaji ni mwenye hati, na wewe una mkataba naye. Usome mkataba huo kabla ya kuvunja hata kigae kimoja.

Mpangaji naye, awe wa Shirika la Nyumba la Taifa au wa mama mwenye nyumba uani, haombi kibali kwa jina lake. Anahitaji ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na katika ridhaa hiyo yaandikwe mambo yanayowagombanisha watu baadaye: gharama ni ya nani, itakatwa kwenye kodi kwa miezi mingapi, na ukihama utang'oa nini na kuacha nini. Nimeona mtu kaweka jenereta, masinki na marumaru kwenye saluni, miezi minane baadaye kaambiwa kodi imepanda kwa sababu nyumba "sasa ni ya kisasa".

Hatua ya tatu: nani mwingine ana neno kwenye nyumba hii?

Jina kwenye hati ni mwanzo tu. Wapo wenye haki ambao majina yao hayapo, na wapo waliokufa ambao majina yao yapo.

Nyumba ya urithi ndiyo inayowatesa watu zaidi, nasi tukiwamo. Marehemu hawezi kuomba kibali, na mtoto mkubwa hageuki mmiliki kwa kuwa mkubwa. Kikao cha ukoo humteua mtu, muhtasari wake unapelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inayomthibitisha msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo humpa Fomu Na. IV. Kwa fomu hiyo msimamizi anaweza kwenda kwa Msajili wa Hati akaandikishwa, na ndipo akaomba kibali. Kumbuka lakini kwamba kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Hakuteuliwa kuwa mkandarasi wa familia. Akitumia fedha za mirathi kupandisha fremu huku dada zake hawajui, atakuja kuulizwa kwenye hesabu, Fomu Na. VI, na watakuwa na haki ya kuuliza. Sisi tuliandika makubaliano ya warithi wote, kila mmoja akasaini, hata kaka aliyeko Mwanza tuliyemtumia kwa basi. Ilituchukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe, na katika muda huo fundi wetu alipata kazi nyingine mbili, akazimaliza.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Kupiga plasta si mojawapo ya hayo. Lakini tazama safari inavyokwenda: unakarabati kwa mkopo, mkopo unataka rehani, rehani inataka saini ya mke au mume. Au unatoboa fremu ili uzipangishe, na kupangisha kumetajwa. Mzungumze jikoni kabla hamjaenda kuzungumza benki.

Mkiwa wamiliki wawili au zaidi kwenye hati, angalia mmeandikwaje. Kwenye umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki haki yake inabaki kwa waliosalia. Kwenye umiliki wa hisa, kila mtu ana fungu lake na fungu hilo linarithiwa. Kwa vyovyote vile maombi yanataka saini za wote. Mwenye robo hana robo ya kiwanja ya kujengea apendavyo.

Benki ikishika hati yako, hati unayoipeleka halmashauri ni nakala, na benki ina neno. Mikataba mingi ya rehani inakataza kubomoa au kubadili jengo bila idhini, kwa kuwa jengo ndilo dhamana. Omba barua, utoe nakala, uiambatishe.

Na ndugu zetu walioko ng'ambo. Mwenye uraia wa Tanzania aliyeko Muscat au London anaweza kumpa mtu wa nyumbani hati ya uwakala, iliyothibitishwa na wanaohusika, ikitaja kwa jina kwamba anaweza kuomba kibali cha ujenzi kwenye kiwanja namba fulani. Hati inayosema "anisimamie mambo yangu yote" huzua maswali. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine ana tatizo zito zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi Sheria ya Ardhi haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa njia maalumu; ulizia ofisi ya ardhi hali ilivyo sasa. Ndiyo maana nyumba nyingi zilizojengwa kwa fedha za kutoka nje zina jina la dada au binamu. Kwa halmashauri, mmiliki ni huyo dada. Kibali kitatoka kwa jina lake, na ukuta utakaoongezwa utakuwa wake. Yanayofuata ni ya familia.

Hatua ya nne: nenda kiwanjani na ramani mkononi

Tafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji. Usikubali kuoneshwa mpaka kwa kidole, wala usiuamini mchongoma uliopandwa na babu. Ikiwa bikoni zimefukiwa au kung'olewa, mlipe mpimaji azirudishe. Jiko la nje la rafiki yangu lilivunjwa upande mmoja kwa sababu ya sentimita arobaini, na jirani aliyelalamika walikuwa wameshafuturu pamoja Ramadhani tatu.

Kisha tazama barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotoka zile alama za X kwenye kuta: nyekundu kwa walioingia hifadhi ya zamani, kijani kwa waliofikiwa na upanuzi, ambao fidia yao inatambuliwa. Ukuta wenye X, wa rangi yoyote, usiuongezee hata tofali. Kwa mito, maziwa na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 za kutofanyia shughuli za kudumu. Hati miliki nzuri haifuti mita hizo.

Hatua ya tano: michoro

Kwa ukarabati utahitaji seti mbili za michoro: nyumba ilivyo sasa na itakavyokuwa. Wengi huleta ya pili tu, na afisa hawezi kujua unabomoa nini. Kijana wa mtaani anayechora vizuri kwenye kompyuta anaweza kukuchorea, lakini mchoro unaokubalika ni ule uliogongwa mhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa na bodi yake. Ukigusa nguzo, slabu au kuongeza ghorofa, weka na michoro ya mhandisi aliyesajiliwa. Swali la mhandisi mzuri juu ya ghorofa ya ziada si nguzo za juu zitakuwaje. Atataka kuona msingi wa chini, na pengine ataomba uchimbe shimo pembeni aukague. Mruhusu. Msingi wa nyumba ya kawaida uliwekwa kwa ajili ya nyumba ya kawaida.

Hatua ya sita: kupeleka na kulipa

Bahasha yako iwe na fomu ya maombi, nakala ya hati au uthibitisho mwingine wa umiliki, ramani ya upimaji, risiti ya pango la ardhi, nakala ya kitambulisho, michoro kwa idadi ya seti wanayotaka, na ridhaa zote ulizokusanya hatua ya tatu. Halmashauri nyingi sasa hupokea maombi kwa TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa), hivyo uliza kabla hujachapisha michoro kwa gharama. Maombi hupita kwa watu wa ardhi, mipangomiji, afya na uhandisi. Kwa majengo ya ghorofa na ya biashara, Zimamoto nao wanataka kuyaona.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali tu, kwa benki au simu, na risiti hutoka kwenye mfumo. Fedha uliyompa mtu mkononi haijaingia popote. Ukirudishiwa maombi, omba sababu kwa maandishi na uzijibu moja baada ya moja. "Njoo wiki ijayo" si sababu, nawe una haki ya kusema hivyo kwa adabu.

Hatua ya saba: kibali kikishatoka

Soma muda wake na masharti yake, halafu toa nakala ikae eneo la kazi. Kazi inayotaka mkandarasi iweke bango. Mkaguzi apewe taarifa kabla ya kufukia msingi, kabla ya kumwaga zege la jamvi, lenta na slabu, kwa sababu nondo zilizokwisha kufunikwa hakuna wa kuzihesabu. Katikati ya kazi ukitamani dirisha liwe mlango au chumba kisogee mita moja, rudi na mchoro wa marekebisho. Kibali ni cha kile kilichochorwa. Kazi ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kuruhusu jengo litumike. Wengi huiruka hatua hii, wakaikumbuka siku mnunuzi au benki inapoitaka.

Kama ulishajenga bila kibali, usingoje notisi. Tafuta mbunifu achore kilichopo, mhandisi aandike hali yake, kisha wewe mwenyewe uende. Utalipa adhabu, pengine utaambiwa uvunje sehemu. Ikiwa notisi ya kusimamisha ujenzi imeshabandikwa, simamisha siku hiyohiyo. Kuendelea kujenga usiku kwa taa ya jenereta kunaigeuza kesi ya karatasi kuwa kesi ya ukaidi, na ya ukaidi huamuliwa na tingatinga.

Mji Mkongwe, Zanzibar

Huku kuna mwenye neno zaidi ya mwenye nyumba: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hapa hata rangi ya nje, dirisha na mlango wa nakshi vinahitaji idhini, kwa hiyo orodha yangu ya matengenezo ya kawaida ya hatua ya kwanza isahau. Kisha uliza nyumba ni ya nani. Ya binafsi, mwombaji ni mwenyewe, au warithi wakiwa wengi. Ya serikali, anayekaa ni mpangaji tu, na ridhaa huanzia kwa taasisi inayoisimamia. Ya wakfu, anza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na aliyeishi humo vizazi vitatu bado ni mpangaji.

Mwambie fundi wako aache saruji nyumbani. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti, na chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, plasta ikamomonyoka na boriti zikaoza pale zilipoingia ukutani, mahali usipopaona. Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa. Ukiona ufa mpya au mlango ulioanza kukwama ghafla wakati kazi inaendelea, toa watu ndani kwanza, ndipo umpigie mhandisi.